Shilingi Bandia ya Kweli

Nianze na kiti, kwa sababu kiti ndicho kinachoniuma. Katika ukumbi ule wa Doha walinzi hatukuruhusiwa kukaa. Tulisimama kando ya makabati ya kioo tangu asubuhi hadi jioni, tumevaa sweta ndani ya sare kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, na nje jua linachoma lami. Jioni miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuvulika. Kisha siku moja, baada ya mimi kutamka neno moja mbele ya watu watatu, nililetewa kiti. Nilikikalia. Nitaeleza nilivyokipata, na sitaki kuhurumiwa.

Nilikuwa nimetoka Kakamega miaka miwili nyuma, nikaanza na geti la nyumba ya mtu kule Al Thumama, ambako kazi yangu ilikuwa kufungua, kufunga na kuonekana. Halafu kampuni ikanihamishia kwenye maonyesho ya sarafu za kale, mali ya tajiri mmoja aliyependa watu waone alicho nacho. Wageni walijazana mbele ya dinari za dhahabu na kupigana picha. Mimi nilipangiwa chumba cha mwisho, cha sarafu bandia za Uingereza ya karne ya kumi na saba. Walioingia huko ni watoto wa shule na watu waliokuwa wanatafuta choo.

Ukisimama mahali pamoja miezi minane, utasoma hata usichokipenda. Maelezo ya ukutani niliyajua kama Baba Yetu. Nilijua kwamba mtu alichukua shilingi nzuri ya fedha, akaipunguza ukingoni kwa mkasi, akailainisha kwa tupa, kisha akaitumia sokoni kama nzima, na vile vipande akaviyeyusha. Wengine walitengeneza shilingi nzima kwa kalibu ya udongo: ndani bati na shaba, juu wakapaka fedha nyembamba. Nilidhani ingekuwa kazi ya majambazi. Kumbe ilifanyiwa jikoni, kando ya chungu cha chakula, na mara nyingi mke ndiye aliyezipeleka sokoni, ananunua mshumaa mmoja ili arudishiwe chenji ya kweli.

Sheria haikuwa na mzaha nao. Sura ya mfalme ilikuwa juu ya sarafu, kwa hiyo aliyeichezea alishtakiwa kwa uhaini. Mwanamume aliburutwa barabarani hadi kwenye kitanzi. Mwanamke alichomwa moto. Kabati la tatu lilikuwa na mkasi mweusi, na maelezo yake yalisema mwenyewe alikuwa mjane aliyekutwa na vipande vya fedha ndani ya mto wa kulalia. Aliyempeleka kwa hakimu ni mwanamke waliyepanga naye nyumba moja. Huyo naye alikuwa akikata shilingi, tena labda zaidi, lakini mwenye hatia aliyewataja wenzake alisamehewa. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Nyoka huyu." Nilimchukia yule mpangaji miezi yote ile. Kila asubuhi nikipita kabati la tatu nilimsonya.

Mtawala wa ukumbi alikuwa madamu, Mwingereza wa makamo mwenye shanga nzito shingoni, na funguo za makabati zilining'inia katikati ya hizo shanga. Alituita sote "mpenzi" kwa sababu hakujishughulisha kutujua. Mimi nilimwona mtu wa majivuno, na hata leo sijabadili neno. Habari za watu waliochomwa moto alizisimulia huku akicheka, kikombe cha chai ya karaki mkononi, ilhali sisi tulikatazwa hata chupa ya maji.

Sarafu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenye kabati la kwanza: shilingi bandia, iliyolika hadi shaba ikatokeza kwenye pua ya mfalme, ikawa na pua nyekundu. Kwa ajili ya watoto alikuwa ametengenezesha shilingi za mfano wa hiyo hiyo, nyingi tu, zikakaa katika sanduku la mbao juu ya meza. Pua zao zilipakwa rangi nyekundu. Hakuna aliyejua idadi yake kwa sababu watoto waliondoka nazo mifukoni. Na wageni wa heshima walipokuja, madamu alikuwa na mchezo wake. Alifungua kabati, akaitoa ile ya kale kwa vidole vyake vitupu, akaichanganya mezani na tano au sita za sandukuni, akawaambia wageni, "Nionyesheni bandia ya kweli." Wakikosa, alicheka hadi shanga zikagongana. Nilimwona akifanya hivyo mchana mara nne. Baada ya mara ya pili nikawa nakaza macho kwenye mikono yake hadi airudishe kabatini, kwani sarafu ikipotea si yeye ambaye angepekuliwa.

Katikati ya mwaka akaletwa mlinzi mpya, dada Mganda. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na Kiingereza chake kilinyooka hadi supavaiza wetu, mwanajeshi mstaafu kutoka kwetu Kenya ambaye tulimwita afande, akawa anamwachia azungumze na wageni. Nilipewa kazi ya kumfundisha lindo kwa wiki moja. Nilimfundisha vizuri, siwezi kujisingizia. Nilimwonyesha vitufe vya kengele na mlango wa dharura, nikamwambia pia kuhusu ule mchezo.

"Madamu akianza vituko vyake vya shilingi," nilimwambia, "wewe usiangalie wageni. Angalia mikono yake mpaka afunge kabati."

"Na asiporudisha?"

"Basi ni wewe umeiba."

Tulicheka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tulicheka pamoja. Wiki iliyofuata alipewa shifti ya jioni, ya hafla na wageni wakubwa, niliyoiomba mimi miezi yote bila kujibiwa. Tulilala chumba kimoja katika kambi ya kampuni upande wa Umm Salal, wanawake sita, jiko moja. Siku moja alishusha sufuria yangu ya maharagwe, hayajaiva, akabandika matoke yake. Nilipomuuliza alisema anachelewa kazini. Kazini, yaani kwenye shifti yangu. Aliporudi alikuja na sambusa za hafla amezifunga kwenye karatasi ya foili, akaniwekea juu ya kitanda changu. Nilizihamishia mezani, zikakaa hapo siku tatu hadi zikaota ukungu. Nilitaka azione kila anapoingia. Chuki ya chumba kimoja haina dogo, na mimi niliilea kama mtoto.

Sasa niseme kuhusu OB. Mlinzi wa kwetu, hata umpeleke mwezini, atauliza kitabu cha matukio kiko wapi. Tulifundishwa hivyo: ukiokota kitu, andika, ukifungua lindo, andika, ukifunga, andika. Na tulifundishwa jambo la pili ambalo halimo katika mafunzo, nalo ni kwamba OB safi ndiyo kazi nzuri. Kwa hiyo Mganda alipofunga usiku aliandika, "Vitu vyote vipo, hakuna tukio." Na mimi nilipofungua asubuhi niliandika vivyo hivyo, mara nyingi kabla hata sijawasha taa zote. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alhamisi moja nilifungua, nikaandika kwamba vitu vyote vipo, kisha nikaona shilingi moja kwenye zulia chini ya meza. Jana yake jioni kulikuwa na hafla. Nilidhani ni ya watoto, nikaitupia sandukuni, na kwa sababu ndivyo nilivyo, nikaiandika: saa moja na dakika ishirini, shilingi moja ya watoto imeokotwa, imerudishwa. Saa nne madamu aliingia na mgeni, akatazama kabati la kwanza, akapiga kelele ambayo sijaisikia tena. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na kile kishikizo kidogo ambacho shilingi huegemea kilikuwa kitupu.

Walitupekua. Si madamu, sisi. Tulivuliwa viatu na soksi, makabati yetu ya nguo yakamwagwa sakafuni, kisha gari likaenda kambini magodoro yakageuzwa mbele ya wanawake wa vyumba vingine waliosimama mlangoni wakitazama. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Sanduku la watoto halikuguswa na mtu. Madamu aliapa kwamba hakuitoa shilingi, na kuchungulia sandukuni kungekuwa kukiri kwamba aliitoa. Mimi nilikuwa nimeliegemea lile sanduku karibu siku nzima, na haikunijia akilini hata chembe. Au haikuruhusiwa kunijia. Nimejiuliza sana swali hilo na sijapata jibu linaloniridhisha.

Mganda alisema ukweli tangu mwanzo. Alisema madamu aliitoa wakati wa hafla, akafanya mchezo wake, kisha mgeni mmoja akamshika mkono wakaondoka kwenda kula, na yeye akaamriwa asogeze watu. Alikiri kwamba aliandika vitu vyote vipo bila kutazama kabati. Madamu alijibu kwamba mtu wa elimu yake hawezi kucheza na kitu cha thamani kama hiyo. Basi likabaki neno la mlinzi dhidi ya neno la madamu, na sote tunajua lipi zito.

Jumamosi afande aliniita kando kabla ya kikao. Alinikuta karibu na mlango wa dharura, akasema polepole, akinitazama viatuni.

"Sikiza dada. Jioni kuna sahihi ya huyo Mganda, asubuhi kuna yako. Zote zinasema iko. Mmoja wenu lazima aende."

"Lakini afande, mimi nilikuta..."

"Ngoja. Watakuuliza kitu moja tu. Kama umewahi ona madamu akitoa hiyo shilingi. Ukisema ndiyo, kampuni inapoteza hii kazi, na wewe unarudi kwa geti, kama utabaki. Ukisema hapana, khalas, imeisha. Mimi sikushurutishi."

Nilikuwa na dakika kumi za kufikiri. Sitasema nilitetemeka au niliomba Mungu. Nilifikiri juu ya shifti ya jioni. Nilifikiri juu ya sufuria yangu ya maharagwe.

Kikao kilikuwa ofisini kwa madamu. Alikuwepo yeye, afande, na mudiri, yaani meneja wa kampuni yetu, aliyekuja na faili. Mganda alisimama dirishani. Alikuwa na miezi mitano tu Doha, na kwa mamake huko Masaka alikuwa ameacha mtoto wa miaka miwili. Hayo aliyasema kikaoni kwa sauti tulivu, si kwa kuomba, bali ili wajue wanamchezea nani. Akirudishwa kwa sababu ya wizi, alama za vidole vyake zingemfuata na asingekanyaga tena nchi hizi. Kisha akaninyooshea mkono. "Muulizeni huyu," alisema. "Yeye amekaa hapa mrefu kuliko mimi. Ameona."

Mudiri akaniuliza kwa Kiingereza cha pole kabisa kama niliwahi kumwona madamu akiitoa shilingi ile kabatini.

"Hapana," nilisema.

"Hata mara moja?"

"Sijawahi."

Madamu alishusha pumzi. Mganda hakupaza sauti. Alinigeukia tu, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho wale wawili hawakukielewa, "Banange. Sista, si wewe ndo uliniambia niangalie mikono yake?"

Afande, aliyeelewa kila neno, akafungua mlango na kusema kikao kimekwisha.

Mganda aliondoka Jumatatu. Hawakumpeleka polisi; mwenye mali hakutaka habari itoke, kwa hiyo walimpa tiketi na karatasi ya kutia sahihi. Alipanga nguo zake nikiwa nimelala nimegeukia ukuta, na nilisikia kila zipu. Aliacha sufuria yake ya matoke juu ya jiko. Wanawake wenzetu waliiosha wakaitumia, na mimi nilikula mara nyingi vilivyopikwa ndani yake. Jumatano, nilipofika kazini, nilikuta kiti kando ya kabati la kwanza. Hakuna aliyesema kimetoka wapi. Afande alipita, akakitazama, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Nilikaa. Kutoka kwenye kiti hicho, ukigeuza shingo kidogo, ulisoma moja kwa moja maelezo ya kabati la tatu. Wiki ya kwanza nilikisogeza. Madamu akakirudisha, akisema kinaziba njia.

Ilipita kama mwezi. Shule moja iliandikisha ziara, nikapewa kazi ya kufuta shilingi za sandukuni kwa kitambaa cha dawa. Kazi ya mtoto. Nilifuta moja baada ya nyingine nikiwa nimekaa kama malkia, na rangi nyekundu za pua zikawa zinabakia kwenye kitambaa. Nikashika moja ambayo rangi haikutoka. Nikasugua tena. Wekundu ulikuwa chini, si juu. Ilikuwa nzito kidogo kuliko nyingine, na nilipoidondosha mezani haikulia kama kizibo cha soda, ilisema *ti* fupi ikanyamaza. Ndipo nilipofunua OB nyuma, kurasa baada ya kurasa, hadi Alhamisi ile, nikakuta mwandiko wangu mzuri wa shule ya msingi: imeokotwa, imerudishwa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeificha. Ilikuwa kwenye zulia, mahali ambapo kila mtu angeiona na kujua imetoka kwenye meza ya mchezo, na Mganda angekuwa ametoka mkweli asubuhi ile ile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikujipa pole. Nilikaa nayo kiganjani hadi ikapata joto langu.

Nilimpelekea madamu. Kwanza alifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akaniita mpenzi mara tatu. Kisha akauliza ilikuwa wapi. Nilipomwambia sandukuni mwa watoto, machozi yalikauka hapo hapo. Alielewa haraka, hakuwa mjinga. Shilingi haikutoka kwenye kabati lililofungwa ikatembea.

"Umeiandika kwenye kitabu chenu?" aliuliza.

"Bado."

"Basi usiandike. Nitalishughulikia mwenyewe."

"Na yule Mganda?"

Alinitazama kana kwamba nimemtaja mtu wa karne nyingine. "Hilo ni la kampuni yenu," alisema. Kesho yake shilingi ilikuwa kabatini, pua nyekundu, imeegemea kishikizo chake. Mwisho wa mwezi nilipewa cheti cha mlinzi bora, nikapigwa picha nikiwa nimekishika. Ile picha nilimtumia mama, akaibandika ukutani Kakamega, na iko huko mpaka leo. Nikienda nyumbani ninakaa upande ambao siioni.

Nilimchukia madamu kwa nguvu zote baada ya hapo. Nilimchukia afande, ambaye alipata habari akajifanya hajui. Nilimchukia hata tajiri mwenye sarafu, ambaye sikumwona kwa macho. Chuki hiyo ilinifaa kwa wiki kadhaa, kama mtu anayekuna mguu wakati jipu liko shingoni.

Namba ya Mganda nilipewa na mwimbaji mwenzake wa kwaya, Ijumaa moja nje ya kanisa, bila salamu. Nilimpigia nikiwa nyuma ya kambi penye matangi ya maji. Alipopokea nilisikia mtoto akilia karibu, halafu mlango ukafungwa.

"Shilingi imepatikana," nilisema.

"Nimesikia."

"Ilikuwa kwa sanduku ya watoto. Mimi ndiye niliiweka, bila kujua. Naapa sikujua."

"Sawa. Na umewaambia?"

"Madamu anajua. Afande pia."

"Sista, siulizi hiyo." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Umewaambia uliona mikono yake?"

Nilimweleza kuhusu mkataba wangu, kwamba ulikuwa umebaki mwaka mmoja na kidogo. Nilimweleza kwamba afande angenirudisha kwenye geti, na mwili wangu haukuwa tena wa geti. Nilimweleza kwamba yeye alikuwa ameshaondoka, maji yakimwagika hayazoleki, na ingemsaidia nini. Aliniacha niseme yote.

"Basi bado haijapatikana," alisema, na akakata.

Sikumpigia tena. Nilifanya kazi kando ya kabati lile miezi kumi na minne zaidi, nimekaa. Wageni walikuja, madamu aliendelea na mchezo wake, nami niliendelea kutazama mikono yake kutoka kwenye kiti. Sikumsonya tena yule mpangaji wa kabati la tatu. Na kila jioni, kabla ya kuzima taa, nilifungua OB nikaandika kwa mkono wangu kwamba vitu vyote vipo.